Kabla hujasema "amenivunja moyo": kutafuta chanzo pale matarajio yanapogonga mwamba

Malalamiko mengi ya mapenzi huja na sura moja: hanijali. Ukichimba kidogo unakuta neno hilo limebeba vitu vitatu ambavyo kila kimoja kina dawa yake, na watu huvitibu vyote kwa dawa moja. Kwa hiyo kabla hujashuka kwenye dalili zilizo hapa chini, chukua lile linalokuuma ulihoji: hiki nilichokikosa ni haki, ni ahadi, au ni tamanio?

Haki ni kile unachostahili kwa kuwa u binadamu. Kutopigwa, kutotukanwa, kutodanganywa, kutolazimishwa kitandani, kuwa na sauti juu ya mwili wako na fedha zako. Haki haiombwi kwa unyenyekevu, wala haipunguzwi ili amani idumu. Ahadi ni kile mlichokubaliana kwa maneno yaliyotamkwa na yakasikika: hatutakuwa na wapenzi wengine, kodi tunalipa nusu kwa nusu, wikiendi simu zinawekwa kando. Tamanio ni mengine yote yaliyobaki: kwamba akumbuke siku mliyokutana, awapende marafiki zako, akusifu mbele za watu. Tamanio si kitu kibaya hata kidogo. Asiyetamani chochote kwa mwenzake hana haja naye. Ila tamanio halidaiwi kama deni. Linaombwa, na anayeombwa ana ruhusa ya kujibu "hilo siliwezi".

Ugomvi mwingi niliousikiliza ulikuwa wa tamanio lililogeuzwa ahadi iliyovunjwa, ilhali mwenzake hakuwahi kuahidi. Lakini lipo kosa la upande wa pili, na hilo linaniumiza zaidi: haki iliyoshushwa ikawa tamanio. "Nimeshamzoea, ndivyo alivyo." Mtu anayesema hivyo kuhusu kofi hana tatizo la matarajio. Ikiwa unapigwa, unatishiwa, unafuatiliwa kila hatua, unanyimwa fedha zako mwenyewe au unazuiwa kuonana na ndugu zako, mwongozo huu haukuhusu, na usipoteze muda kutafuta maneno laini ya kumwambia. Mweleze mtu mmoja unayemwamini, weka nyaraka zako mahali asipozifikia, panga namna ya kutoka salama. Anayekupiga hakukosa maelezo.

Waliobaki, tuendelee.

Dalili: "Angenipenda, angejua bila kuambiwa"

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu dalili hii hujificha vizuri kuliko zote, na nimewahi kuugua ugonjwa wake.

Niliwahi kufanya usaili wa kazi niliyoitamani sana, nikatoka nikijua nimeharibu. Nilipofika nyumbani, mume wangu alikuwa sebuleni anasoma. Aliinua macho, akaniangalia, akasema, "Karibu, pole na safari," akarudi kwenye kitabu chake. Nikaingia chumbani, mlango nikauacha wazi makusudi, nikaketi ukingoni mwa kitanda na kuanza kufungua kamba za viatu polepole. Kiatu cha kwanza. Nikangoja. Nikashusha pumzi kwa sauti. Kiatu cha pili nikakiachia kianguke sakafuni kwa kishindo ili asikie. Hakuja. Usiku ule nikampa mgongo, na siku tatu zilizofuata nikawa namjibu kwa neno moja moja: ndiyo, hapana, sijui. Siku ya nne akaniuliza kulikoni. Nikalipuka: "Hata kuniuliza usaili ulikwendaje!" Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nilikuona usoni mlangoni pale, nikajua mambo hayakwenda vizuri. Nikaona nisikutoneshe, utasema mwenyewe ukiwa tayari."

Nilihitaji muda kuyameza maneno hayo. Siku zote tatu nilikuwa nikimshitaki moyoni kwa kutonisoma, kumbe alinisoma vizuri tu. Uso wangu ulimwambia kwamba nina maumivu. Haukumwambia kwamba mimi, nikiumia, nataka kuulizwa. Yeye akiumia hutaka kuachwa, kwa hiyo alinipa kile ambacho angekitaka mwenyewe.

Mwaka 1982 wanasaikolojia Roy Eidelson na Norman Epstein walitengeneza hojaji ya kupima imani zinazodhuru uhusiano. Walitaja 5, na mojawapo ni hii hasa, kwamba wapendanao wanapaswa kusomana mawazo. (Nyingine, iwapo utataka kujikagua: kwamba kutofautiana ni kuharibu, kwamba mtu habadiliki, kwamba tendo la ndoa lazima liwe kamilifu kila mara, na kwamba wanaume na wanawake wana mahitaji yasiyofanana hata kidogo.) Kinachoifanya imani ya kusomana mawazo iwe sugu ni kwamba ukaribu wenyewe huilisha. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, Kenneth Savitsky na wenzake waliwaketisha wanandoa wakipeana migongo, kila mmoja akijaribu kung'amua maana ya kauli zenye utata alizozitamka mwingine. Kisha wakafanya hivyo hivyo na watu wasiofahamiana. Wanandoa waliamini wanaelewana kuliko wageni wale. Hawakuwa na ubora waliojidhania. Tukimzoea mtu, tunaacha kumfafanulia.

Namna ya kujipima: andika unachokitaka kwa sentensi moja, halafu jiulize kama mgeni asiyekujua angeisoma akajua afanye nini na afanye lini. "Nataka unijali" haipiti. "Nikitoka kwenye jambo zito, niulize limekwendaje hata kama sura yangu imekunjamana" inapita. "Uwe karibu na familia yangu" haipiti. "Mama akipiga simu, msalimie angalau dakika mbili" inapita.

Najua jibu linalokuja hapa, maana nimelitoa mwenyewe: nikimwambia naye akafanya, utamu umekwisha, amefanya kwa kuambiwa. Lifikirie upya. Asiyejua hana cha kuchagua. Aliyejua, akakumbuka, akafanya siku ambayo amechoka na hana hamu, huyo amechagua. Mficha uchi hazai, na anayeficha haja yake asitegemee itatimizwa kwa bahati.

Kuna chanzo cha pili, cha wale wanaoapa kwamba walishasema. Waulize walisemaje. Mara nyingi ombi lilizikwa katikati ya ugomvi, chini ya lawama kumi, au lilivaa nguo za kejeli: "Hivi unafikiri taka zina miguu?" Kauli kama hiyo humwambia mtu kwamba umemkasirikia, basi. Ombi haliko ndani yake. Lirudie siku nyingine mkiwa mmetulia, peke yake, bila historia.

Dalili: "Amebadilika, mwanzo hakuwa hivi"

Dalili hii ina vyanzo vinne, na kuvichanganya kumevunja nyumba ambazo hazikuwa na haja ya kuvunjika.

Cha kwanza ni muda. Ile hali ya mwanzo, ya kuangalia simu kila dakika mbili, kukosa usingizi, kumfikiria mtu hadi unapitiliza kituo cha kushuka, ina mwisho. Mwanasaikolojia Dorothy Tennov aliipa jina la limerensi katika kazi yake ya mwaka 1979, na akakadiria kwamba kwa kawaida hudumu kati ya miezi 18 na miaka 3. Usiifanye kipimo cha penzi lako. Ukitarajia mwenzako wa mwaka wa saba awe na macho ya wiki ya pili, unamdai kitu ambacho hata wewe huwezi kumlipa.

Cha pili ni jina. Mwaka 1995 mwanasosholojia Diane Felmlee alichapisha utafiti ambapo watu walieleza kilichowavutia kwa mpenzi wao wa zamani na kilichokuja kuwachosha. Kwa wengi vilikuwa vitu viwili tofauti, lakini kwa sehemu yao ya kutosha ilikuwa sifa ile ile. Aliyesifiwa kwa kuwa mtulivu sasa ni bubu. Mchangamfu amekuwa hana haya. Anayejiamini amegeuka mbishi, na yule mwenye bidii ya kazi "ameoa kazi yake". Tabia haijasogea, umeibandika jina jipya. Jaribu hivi: chukua kero zake tatu kubwa, kila moja uitafutie jina ambalo ungeliita mwezi wa kwanza. Ukilipata, basi ndiyo bei ya kile ulichokipenda. Ukipenda boga, penda na ua lake.

Cha tatu ni mzigo. Msiba, deni, ugonjwa, mtoto mchanga, kufukuzwa kazi, huzuni isiyoisha ambayo ni ugonjwa kamili na inatibika. Mtu aliyebeba kitu kizito hana mkono wa kukushika. Cha nne ndicho tunachokiogopa: kweli amejiondoa.

Utavitofautishaje? Acha mambo makubwa kama zawadi na safari, tazama vijidogo. Mwanasaikolojia John Gottman, katika Chuo Kikuu cha Washington, aliwachunguza wanandoa kwenye maabara iliyopangwa mfano wa nyumba ya kuishi, na moja ya vitu alivyovifuatilia ni zile ndoana ndogo ndogo tunazorushiana siku nzima ili mwenzetu atuitikie. Unasimama dirishani unasema, "Ona ndege yule." Mwenzako anainua kichwa au hainui. Unacheka peke yako ukisoma ujumbe; anauliza "nini?" au hasemi kitu. Gottman ameeleza kwamba kati ya wanandoa wapya waliofuatiliwa miaka 6, waliobaki pamoja walikuwa wakiitikia ndoana hizo mara 86 kwa kila 100, na walioachana mara 33.

Basi irushe ndoana wiki nzima, bila kumtega na bila kutangaza. Akiitikia mara nyingi, japo maua yamekoma siku hizi, chanzo ni muda au jina. Asipomwitikia mtu yeyote, wewe, ndugu zake, rafiki zake, hata mambo aliyoyapenda, tafuta mzigo, na muulize kwa upole kabla hujamuuliza kwa hasira. Akiwaitikia wote isipokuwa wewe, kuna jambo kati yenu, na njia fupi ni kumuuliza moja kwa moja: "Nahisi umetoka mbali nami. Nimekosea wapi, au kuna nini?" Swali moja, halafu nyamaza umsikilize.

Ikiwa ni muda tu, dawa ipo, nayo ni kufanya kitu kigeni pamoja. Arthur Aron na wenzake walichapisha mwaka 2000 majaribio ambayo katika baadhi yake wapenzi walifungwa pamoja kifundo cha mkono na cha mguu, wakatambaa juu ya magodoro ya mazoezi huku wamebana mto katikati yao bila kuugusa kwa mikono. Dakika 7 tu. Baada ya hapo waliuona uhusiano wao kuwa bora kuliko wenzao waliopewa kazi ya kuchosha. Huhitaji kufungwa kamba. Jifunzeni kitu ambacho nyote wawili hamkijui, mkosee pamoja.

Dalili: "Tunagombania jambo lile lile kila siku"

Hongera, mmefanana na wengi. Gottman alipowarudia wanandoa baada ya miaka kadhaa, aliona kwamba asilimia 69 ya mambo waliyokuwa wakigombania ni yale yale, hayakuisha. Yanatokana na tofauti za tabia: mmoja hupanga, mwingine huenda na upepo; mmoja hutaka kelele za watu, mwingine hutaka kimya; mmoja huweka akiba, mwingine hutumia. Tarajio linalogonga mwamba hapa ni lile la kuamini kwamba siku moja mtaketi, mtaongea vizuri, na jambo litakwisha milele. Haliishi. Mnajifunza kuishi nalo, kama mtu aishivyo na goti bovu: anajua ngazi zipi azikwepe.

Kwa hiyo usihesabu mmegombana mara ngapi. Kagua namna. Je, katikati ya ugomvi kuna anayeweza kutabasamu, kusema "samahani, nimezidisha", kugusa bega la mwenzake? Gottman na mtafiti mwenzake Robert Levenson waliona kwamba wenzi walio imara, hata wakiwa wanabishana, walikuwa na takriban mema 5 kwa kila baya 1. Na je, kuna dharau? Kusonya, kubeua midomo, kuiga sauti yake kwa kejeli, kumwita majina mbele ya watoto. Katika tafiti hizo dharau ndiyo iliyoashiria kuvunjika kuliko kingine chochote. Hasira inaweza kuvumiliwa na hata kuwa na faida. Dharau, ikizoeleka, itashughulikiwa kabla ya jambo lenyewe mnalogombania, na kama mmeshindwa wenyewe, kwa mshauri.

Yapo machache yasiyo na katikati, kama kutaka watoto au kutotaka, nitayarudia mwishoni.

Dalili: "Mimi ndiye ninayefanya kila kitu"

Tafuteni karatasi mbili. Kila mmoja aandike, bila kuchungulia, anafanya asilimia ngapi ya kazi za nyumbani, kisha mjumlishe. Usishangae ikivuka 100. Michael Ross na Fiore Sicoly walionyesha jambo hili mwaka 1979: waliwauliza wanandoa kuhusu mchango wao katika shughuli mbalimbali, na kwa wengi jumla ilizidi mia. Hawakuwa waongo. Kila mtu alikuwepo kila alipoosha chombo, na hakuwepo mara nyingi mwenzake alipokuwa akihangaikia jambo lingine.

Lakini naomba mtu asiikamate habari hiyo na kuitumia kumnyamazisha mkewe. Mara nyingi lalamiko hili ni kweli tupu. Shirika la Kazi Duniani liliripoti mwaka 2018 kwamba wanawake hubeba asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za uangalizi zisizolipwa duniani (kutunza nyumba, watoto na wagonjwa), yaani zaidi ya mara tatu ya wanaume. Hilo halitokani na kumbukumbu kuteleza.

Ndiyo maana karatasi ya asilimia haitoshi. Andikeni na orodha. Na kwenye orodha msisahau kazi isiyoonekana, ambayo ndiyo inayochosha: kukumbuka. Nani anajua kwamba sabuni inakaribia kwisha? Nani anajua saizi ya viatu vya mtoto, siku ya chanjo, siku ya kuzaliwa ya mama mkwe? Nimeona mume mwema, mwenye mikono mepesi, akisema "niambie tu la kufanya, nitafanya", asielewe kwa nini mkewe anatokwa machozi. Alikuwa anajitolea kuwa msaidizi, wakati mwenzake alichoka kuwa msimamizi. Waliponyoosha mambo, mke hakumwongezea mumewe kazi za mikono. Alimwachia maeneo mawili mazima, shule na dawa, kuyawaza mpaka kuyamaliza, na mke akajizuia kuyakagua. Wiki za kwanza mume alisahau vitu, na mke akauma ulimi. Hiyo ni sehemu ya dawa pia: ukimwachia, mwachie.

Dalili: "Sijihisi nimekamilika naye"

Chanzo hapa ni kazi nyingi mno kwa mtu mmoja. Mpenzi, rafiki wa siri, mshauri wa kazi, mwenzi wa ibada, mchekeshaji, mzazi mwenza, daktari wa huzuni. Eli Finkel na wenzake walieleza mwaka 2014 jinsi wanandoa wa siku hizi, hasa Marekani, wanavyoidai ndoa iwasaidie kukua na kujitambua, huku muda wanaoiwekea hautoshi kubeba dai hilo. Rekebisha mgao. Yupo rafiki anayependa unachokipenda; mpigie. Yupo dada yako anayejua kukucheka mpaka unapona. Mwenzi akibaki na mawili matatu anayoyaweza vizuri, mara nyingi anang'aa tena machoni pako.

Dalili: "Sijampata anayekidhi vigezo vyangu"

Hii ni ya wanaotafuta. Paul Eastwick na Eli Finkel, katika utafiti wa mwaka 2008, waliwauliza watu sifa wanazozitaka kwa mpenzi, kisha wakawakutanisha ana kwa ana kwa dakika chache chache na watu wengi. Sifa walizozitaja hazikubashiri nani angewavutia. Kwa hiyo chuja orodha kwa kipimo cha mwanzo kabisa. Yaliyo haki yabaki yote. Yale makubwa ya maisha, watoto, imani, fedha, mahali pa kuishi, yabaki na uyaulize mapema bila aibu. Urefu, aina ya kazi, ladha ya muziki, yaweke kando ukakutane na mtu.

Dalili: "Mimi sina makuu, nimeshajifunza kutotarajia kitu"

Watu huisifu kauli hii kama ukomavu. Mimi huisikia kama kilio kilichokauka.

Matarajio halisi si matarajio ya chini. Donald Baucom, aliyechunguza viwango vya wanandoa kwa miaka mingi, aliona kwamba wanaotarajia kutendewa vizuri ndio hasa wanaoelekea kutendewa vizuri. Na kuna utafiti mwingine unaosaidia kuweka mizani: mwaka 2004 James McNulty na Benjamin Karney walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanandoa wapya 82 kwa miaka 4. Walichokiona ni kwamba matarajio makubwa yaliwafaa wale waliojua kusemezana na kutatua mambo. Kwa wasiojua, matarajio yale yale yaligeuka shimo, wakawa wanaporomoka mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo ukijikuta kila mara unavunjika moyo, una njia mbili: kushusha unachotarajia, au kuongeza ujuzi wenu wa kukifikia. Watu wengi hukimbilia ya kwanza kwa kuwa haihitaji mazungumzo.

Chanzo cha dalili hii huwa ni jeraha la zamani, la nyumbani ulikokulia au la mpenzi aliyepita. Jipime hivi. Mfikirie mdogo wako akikueleza maisha unayoishi wewe, neno kwa neno, kama ni yake. Ungemwambia "vumilia", au ungetafuta namna ya kumtoa? Jibu hilo ndilo lako, na hustahili pungufu ya unachomtakia.

Sisemi umtazame mwenzako kwa darubini ya kasoro. Mpenda chongo huita kengeza, na Sandra Murray na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba wapenzi wanaoonana kwa jicho la ukarimu, hata kupita kila mmoja anavyojiona, uhusiano wao ulidumu na ulikuwa na furaha zaidi. Kuwa mkarimu kwa kengeza. Usiwe mkarimu kwa kofi, uongo na dharau.

Dalili: "Nimesema vizuri, amekubali, na hajafanya"

Hapa ndipo mtu anapokuwa amechoka kweli, na vyanzo vinatofautiana kwa uzito. Pengine alikubali ili mazungumzo yaishe. Utamjua kwa "sawa, sawa" inayokuja haraka kabla hujamaliza. Mwambie arudie kwa maneno yake alichokielewa. Pengine anataka lakini hajui namna: mtu aliyekulia nyumba isiyotamka "nakupenda" hatajifunza kwa siku moja, na hapo unatazama kama kuna hatua, hata ndogo, hata za kuchechemea. Pengine amesahau, basi lifanyeni ahadi yenye siku na saa, na baada ya mwezi mketi mkague pamoja.

Na pengine hataki. Hapa nashauri swali ambalo watu huliogopa: "Niambie ukweli, hili utaliweza?" Uliza siku ambayo hamjagombana. Uwe tayari kusikia hapana, na ukiisikia usimwadhibu kwa kusema kweli, maana "hapana" ya wazi ina faida kuliko "sawa" kumi za kukwepa. Ukishaipata, kazi inahamia kwako. Kama lilikuwa tamanio, unaweza kuliacha au kulitafutia mlango mwingine. Jirani yangu mmoja aliambiwa na mumewe kwamba kwenye kumbi za muziki hatakwenda kamwe, umati unamtia kizunguzungu. Huenda na dada yake sasa, na mume hukaa macho mpaka amfungulie mlango na kusikia ilivyokuwa.

Kama lilikuwa jambo lisilo na katikati, hesabu ni nyingine. Rafiki yangu alikuwa na mchumba wa miaka minne, mpole, mwaminifu, mwenye kicheko cha kuambukiza. Alitaka watoto, mwanamume kila mara alisema "tutaona". Mwishowe akamuuliza swali lile, wakiwa wamekaa nje jioni. Mwanamume alikaa kimya muda mrefu, akamshika mkono, akasema, "Sitaki, na sidhani nitakuja kutaka. Nilikuwa naogopa kukupoteza." Walilia wote wawili. Rafiki yangu hakumwita mwongo, hakuapa kumbadilisha, wala hakujiambia kwamba labda yeye mwenyewe anadai makubwa. Baada ya wiki mbili alimrudishia ufunguo wa nyumba, akautoa kwenye kishikio chake mbele yake, na ilimchukua muda kuutoa kwa sababu vidole vilikuwa vinatetemeka, naye yule mwanamume akamsaidia.